Orodha ya Mushitu

"Mama Falonne, enda uoge," Stéphanie, jirani yake wa kibanda, alisema. "Mu treni batatubana kama ndagala mu mufuko. Mi sitaki kukaliwa na hiyo harufu mpaka Mwene-Ditu."

"Na yako nitavumilia mi?"

"Mi nilioga juma tatu."

"Juma tatu ya mwezi gani?"

Walicheka wote wawili, na kicheko pale kando ya reli kilikuwa kitu adimu kuliko chumvi. Hiyo ilikuwa siku ya tisa Mama Falonne hajaoga. Jina lake la ubatizo lilikuwa Henriette, lakini pale gare, kituo cha treni, nani alikuwa na muda wa majina ya ubatizo.

Ilikuwa mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Kolwezi. Vijana walikuja na marungu na petroli, wakasema rudini kwenu. Henriette alizaliwa Kolwezi, mama yake alizaliwa Kolwezi, na huko kwao hajawahi kufika hata kwa ndoto. Lakini mwenye kiberiti mkononi haulizwi maswali. Yeye na familia yake walitoka kwenye nyumba ya kampuni ya migodi na magodoro mawili na sufuria, na sasa ilikuwa wiki ya tisa wakilala kando ya reli na maelfu ya wenzao, chini ya plastiki na shuka, wakingoja treni inayokuja inapotaka.

Kupanda ilikuwa lazima uwe kwenye orodha. Orodha ilishikwa na Polycarpe, karani wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kila jioni, jua likigusa chini, alipanda juu ya pipa akaita mkubwa wa kila familia na idadi ya watu wake. Ukiitwa, unajibu: tuko. Ukiitwa mara tatu na kimya, jina linakatwa, nafasi wanapewa wengine, na wewe unaanza upya mkiani. Kwa hiyo watu walijibu popote orodha ilipowakuta. Walijibu wakiwa chooni. Wenye maiti mikononi walijibu kwanza, wakalia baadaye.

Familia ya Mama Falonne ilikuwa ya sita kutoka juu. Badibanga, watu wanne. Badibanga ndiye mumewe, fundi umeme, aliyekuwa amelala akikohoa tangu mvua za kwanza. Falonne alikuwa na miaka tisa. Na kulikuwa na Kabeya, mtoto mchanga, ambaye tangu asubuhi mwili wake ulikuwa wa moto na macho mekundu. Surua ilikuwa inapita kibanda kwa kibanda. Siku ile tu walizikwa watoto watano. Treni ilisemekana inaingia jioni hiyohiyo. Kuikosa ilikuwa ni kumchimbia Kabeya shimo pale pale, na jambo hilo Mama Falonne hakuhitaji mtu wa kumweleza.

"Kule nyuma ya reli kuko mushitu," Stéphanie alisema. "Ndani kuko kamuto, maji safi kabisa. Na hakuna muntu."

"Bantu maelfu hapa na kiu, maji beko kule, na hakuna muntu? Juu ya nini?"

Stéphanie akainua mabega. "Benye inchi habapitake. Basema kunanyamaza sana."

"Kunyamaza njo ninatafuta."

Alichukua beseni na kipande cha sabuni kilichobaki ukubwa wa jino. Alimwinamia mumewe.

"Na listi?" Badibanga aliuliza bila kufungua macho.

"Jua bado iko juu. Na Polycarpe anasikika mpaka Nzilo. Nitarudia mbele ya listi."

Akaenda.

Mushitu ni msitu mdogo wa miti mikubwa, ule unaoota penye maji. Huko kwingine kote kuzunguka mji miti ilikuwa imekwisha, imegeuka makala zamani. Hapa hakukuwa hata kisiki kimoja. Miti ilisimama minene, imefunikwa na kuvu ya kijani, na chini palikuwa na ubaridi mzuri, na mwanga laini, kama ndani ya kanisa siku isiyo na misa. Inzi wa gare waliomfuata mpaka mti wa kwanza waligeuka wakarudi zao.

Alisimama kidogo asikilize. Hakuna mtoto anayelia. Hakuna mtu anayegombania maji, hakuna redio, hakuna maombi. Wiki tisa hakuwahi kuwa peke yake hata dakika ya kukuna mguu. Akajikemea, kwani hakuja kulia, alikuja kuoga.

Kijito kilikuwa chembamba na safi. Kando yake kulikuwa na vituta virefu, vimepangwa kwa mistari iliyonyooka, majani yameota juu. Alidhani ni matuta ya viazi ya mtu aliyechoka kulima. Alivua, akaweka nguo zake juu ya kimoja, akaketi kwenye kingine kufungua nywele.

Maji yalikuwa ya baridi. Alijisugua shingo, kwapa, nyuma ya masikio, mpaka ngozi ikawa yake tena. Ndipo aliposikia harufu. Si mbaya. Ilikuwa kama sarafu iliyolala mdomoni... kama shaba mbichi ikinyeshewa.

Halafu sauti.

"Kabongo wa Lukusa."

"Niko."

Alishtuka, povu masikioni. Orodha? Alitazama juu. Jua lilikuwa bado kwenye majani.

"Kalonji wa Mbaya."

"Niko."

Basi treni imeingia, aliwaza, na Polycarpe ameanza mapema. Alishika kikwembe, akajifunga huku mwili unachuruzika. Majina yalikuwa yanapita. Moja, na jingine. Mkono wake ulikuwa bado unatafuta kandambili.

"Badibanga. Bantu ine."

Hakufikiri. Baada ya wiki tisa hakuna mtu anayefikiri. Alijaza kifua akapaza sauti kama alivyofanya kila jioni:

"Tuko. Tuko ine."

Kijito kikanyamaza.

Maji yalikuwa yanateremka vilevile, aliyaona kwa macho yake, lakini hayakutoa sauti. Kisha kutoka kulia, kutoka kushoto, na kutoka chini, vikasikika vinywa vingi vikisema kwa upole:

"Beko."

Mama Falonne hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikusanya nguo, akaacha beseni, akashika njia aliyoijia. Aliruka mzizi mkubwa aliokuwa ameuruka wakati wa kuja. Akapita mti uliopasuka. Akasukuma matawi ya mwisho ili atokee relini...

Sabuni yake ilikuwa juu ya jiwe. Beseni lake hilo hapo.

Akarudia. Safari hii aliweka kijito upande wa kushoto na hakukigeuzia macho. Mzizi, mti uliopasuka, matawi.

Sabuni. Beseni.

Mara ya tatu alifuata jua, kwa kuwa jua lilikuwa linashukia upande wa reli. Alikwenda moja kwa moja, mkono mmoja mbele ya uso. Aliliona jua kati ya miti, jekundu, linakaribia, linakaribia. Akaongeza mwendo. Halafu mbele yake hakukuwa na jua tena. Kulikuwa na mgongo wa mtu.

Mwanamume mwembamba. Begani alibeba blanketi lililokunjwa vizuri, lenye mshono uliofumuka pembeni. Mbele yake kulikuwa na mgongo mwingine, na blanketi lingine. Mbele ya huyo, mwingine. Mstari ulikwenda ukapotelea kwenye miti, na hakuna aliyegeuka.

Alitoka kwenye mstari. Alitembea hatua ishirini upande, akizihesabu. Ya ishirini na moja ilimleta kwenye mgongo uleule, na mshono uleule uliofumuka.

"Usinisukume, mama," mtu yule alinong'ona. "Sisi bote tunangoya."

"Munangoya nini?"

"Treni."

Sauti yake ilikuwa ya kijana. Harufu ya shaba ilitoka kwake, na ukosini mwake ngozi ilikuwa na kijani hafifu, kama cha sufuria ya shaba ya zamani.

"Tangu lini?"

"Mi nilikuya na kontra ya kazi ya miaka tatu. Tulitoka Luputa na miguu. Bandugu ya kule bananikumbuka bado? Tshilombo, jina yangu."

"Miaka tatu ya wakati gani, tata?"

"Wakati mutaro wa kwanza wa mugodi ulikuwa unafika hapa tu." Akagusa kiuno chake.

Mama Falonne alizaliwa mashimo yale yakiwa tayari yanameza malori mazima. Alifunga kikwembe chake upya, ili mikono iwe na kazi.

"Tshilombo. We ulikufa."

"Mwezi wa pili ya kontra," alijibu bila kinyongo, kama mtu anayetaja siku aliyohama. "Kifua. Balinizika pale ulikaa kufungua nywele. Lakini kapita, nyapara yetu, hakunikata ku listi, mama. Asubui yote aliniita, na rafiki yangu alilazimishwa kujibu 'niko'. Juu posho yangu ya unga isikatwe, kapita akule. Mwaka muzima nilijibiwa. Bote hawa, vilevile. Kapita naye alikufa, njo alitukuta huku, akaendelea." Akapandisha blanketi begani. "Kwetu hawakusikiaka kama nilikufa. Hapa hakuna muntu alisemaka 'haiko'. Sasa niende wapi? Kama niko, niko."

"Na mi?"

"We ulijibu. Bantu ine. Kapita atangoya ine ifike, kisha listi itajaa, tupande."

Baridi ilimpanda kutoka kwenye nyayo, na haikuwa ya maji.

"Hao tatu beko ku gare," alisema polepole.

"Batakuya. Balisikia umekawia."

Kando ya mstari mtu alikuwa anatembea. Majani hayakulia chini ya viatu vyake. Suruali fupi iliyopigwa pasi, soksi mpaka magotini, na kitabu kilicholowa mkononi. Wale wote kwenye mstari walikuwa mifupa. Huyu peke yake alikuwa na mashavu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba kwa miaka mingi na bado hajatosheka.

"Badibanga, bantu ine," kapita alisema. Sauti ilikuwa ya adabu sana. "Naona moja."

Mama Falonne alirudi nyuma hatua moja.

Na hapo, kutoka upande wa reli, akasikia kikohozi.

Angekijua kikohozi kile kati ya elfu. Badibanga alikuwa ameinuka kwenye godoro. Alikuwa anakuja kumtafuta mkewe, kwa kuwa orodha imekaribia, na yeye si mtu wa kupanda treni akaacha mtu. Ujinga wake wote ulikuwa huo, na ndio uliomfanya amwoe.

"Mamaaa..." Sauti ya Falonne. "Mama, treni inafika."

Kapita alitega sikio, akatabasamu.

"Njo bale."

"Hapana," Mama Falonne alisema.

"Hapana nini?"

Alimtazama Tshilombo, mgongo ule ambao hakuna mtu aliyewahi kuusemea neno lile moja dogo, haiko, kwa miaka sitini. Kisha akamtazama kapita usoni.

"Habako."

Mstari mzima ukatikisika, kama majani yakipitiwa na upepo. Tabasamu la kapita lilibaki mahali pake, lakini macho yalifinyika.

"Ulisema tuko ine."

"Nilikosea. Mi niko peke yangu."

"Bwana wako?"

"Sina bwana."

Kikohozi kilikuwa kimeingia chini ya miti. Alisikia Kabeya akilia, kilio kile chembamba cha mtoto mwenye homa. Maziwa yalimtoka, yakalowesha kikwembe. Alikunja mikono juu yake.

"Na mutoto anayelia?"

"Simujue."

"Ulikosea mara moja, unaweza kukosea tena," kapita alisema kwa upole. Akalowesha kidole kwa ulimi, akakiweka juu ya ukurasa. "Nangoya aonekane."

Rangi ya njano ikatokea kati ya miti miwili. Gauni la Falonne, lililopauka mabegani. Mtoto alisimama, akatafuta kwa macho, akaona. Uso wake wote ukafunguka, na mkono ukapanda juu.

"Huyu ni wa nani?" kapita aliuliza.

Mama Falonne alimtazama binti yake. Alimtazama sawasawa, kwani alijua hatapata tena nafasi ya kumtazama namna ile na kutazamwa.

"Simujue huyu mutoto. Sina batoto."

Kidole kilipita juu ya ukurasa.

Mkono wa Falonne ukashuka. Hakuonekana kuumizwa, wala kuogopa. Uso wake ulijifunga taratibu, ukawa uso mzuri wa adabu ambao mtoto humwonyesha mgeni. Akageuka.

"Papa, hapa hayiko. Kuko tu mama moja anaoga."

"Nani hayiko?" Badibanga aliuliza kutoka nyuma.

Falonne alitazama tena kati ya miti.

"Sijue," Falonne alisema. "Turudie. Listi itatupita."

Nyayo zikaondoka. Kikohozi kikaenda kikipungua, na kilio cha Kabeya nacho. Mama Falonne alikuwa amejiuma mdomo. Ladha ya damu na ladha ya shaba zilikuwa moja.

"Muntu moja," kapita alisema, akaandika.

"Nikate na mi."

"Wewe nani atakusemea? Wote waliokuwa wanakujua, umewakana." Alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Listi imejaa."

Mbali kule treni ikapiga honi. Mstari ukaanza kutembea.

Walitoka msituni kwa hatua moja, na msitu haukuzuia mtu tena. Gare ilikuwa imechafuka. Watu walirusha magodoro, walirusha watoto, walirusha wazee. Juu ya pipa Polycarpe alikuwa ameshaita familia tano.

"Badibanga. Bantu ngapi?"

"Tuko tatu," Badibanga alijibu.

Hakusita hata kidogo. Alisema kama mtu aliyekuwa anasema tatu tangu mwanzo. Kabeya alikuwa mgongoni mwa Falonne, amefungwa kwa kitambaa ambacho Mama Falonne mwenyewe alikipindia ukingo.

Alimshika Stéphanie mkono. "Stéphanie. Ni mi."

Stéphanie alimtazama kuanzia nywele zilizofunguliwa mpaka miguu mitupu. Akautoa mkono wake polepole, bila ubaya.

"Pole, mama. Gare hii imeharibu bantu mingi kichwa. Unatafuta nani?"

Mama Falonne alipanda. Hakuna aliyemzuia, kama ambavyo hakuna aliyewazuia wale wa mablanketi. Lilikuwa behewa la madini, wazi juu, limejaa mpaka mtu hawezi kugeuza shingo, na wao waliingia tu, wakasimama kwenye nafasi zilizobaki kati ya watu. Wenye miili walilalamika kuhusu baridi.

Safari ilichukua siku sita. Treni ilisimama porini masaa na masaa, ikavuta, ikasimama tena. Mama Falonne alikaa mkabala na wanawe, goti kwa goti. Falonne alimlisha Kabeya unga uliokorogwa kwa maji. Badibanga alimpa maji mara mbili kwenye kifuniko cha chupa, kama angempa mama yeyote asiye na mtu. Siku ya pili usiku homa ya Kabeya ilishuka. Labda surua ilikuwa imemaliza njia yake, watoto wengine hupona hivyohivyo. Labda ni kitu kingine.

Wale wa mablanketi walishuka mmoja mmoja. Behewa likipunguza mwendo karibu na kijiji fulani, mmoja alikuwa hayupo tena, na harufu ya shaba ilipungua kidogo. Tshilombo alishuka Luputa. Jambo moja lilimshangaza Mama Falonne, nalo ni kwamba kijana hakukimbia. Alisimama kwanza kando ya reli akakunjua blanketi, akajifunika mabega, kama mtu anayetaka kufika nyumbani anapendeza.

Walipofika Mwene-Ditu, hakubaki hata mmoja wao behewani. Mama Falonne alishuka wa mwisho, miguu imevimba. Watu walikuwa wanaitana, wanakumbatiana, wanagombana juu ya mizigo. Baadaye watu wa mji ule wangesema kulikuwa na mwanamke aliyerukwa na akili gare ya Kolwezi, akafuata watoto wa watu mpaka huku. Walikuwa wengi wa aina hiyo mwaka ule, na hakuna aliyechunguza.

Badibanga alikuwa ameshaweka godoro kichwani. Alimwona, akasimama.

"Mama, hauna muntu wa kukupokea hapa?"

Mama Falonne alimtazama Kabeya.

"Ndugu yangu ana nyumba. Si kubwa. Mi niko mugonjwa, mutoto bado anatafuta ziwa, na naona..." Aliona aibu, akatazama pembeni. "Naona wewe uko na maziwa. Kama hauna bantu bako, kuja kwetu."

"Kuja, mama," Falonne alisema. Na Kabeya, mgongoni mwa dada yake, aligeuza kichwa, akaisikia harufu yake, akanyoosha mikono yote miwili. Huyo hakuwa amesahau. Labda kwa kuwa alikuwa hajajua bado kutaja jina la mtu.

Mama Falonne alipiga hatua moja. Mikono yake ilikuwa tayari imeinuka.

Nyuma ya Badibanga, kwenye sakafu ya gare, umati ulikuwa unapita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Katikati alisimama kapita, soksi mpaka magotini. Kitabu kilikuwa wazi. Kidole kilikuwa tayari kimeloweshwa, na uso ulioshiba ulikuwa umeinama kidogo upande mmoja, ukisikiliza.

"Kama hauna bako..." Badibanga alirudia.

Mama Falonne alishusha mikono.

"Asante, tata," alisema. "Mi sina bangu. Na nyinyi sibajue."

Badibanga aliitikia kwa kichwa, akasema sawa, Mungu akulinde. Wakaenda. Kabeya alilia mpaka kwenye kona, na baada ya kona pia.

Kapita alikuwa amesikia kila neno. Lakini kitabu hakukifunga, kwani mtu anaweza kukosea tena.